Mafunda Matatu ya Maji

Karatasi inayotoka kwenye printa ina harufu yake, harufu ya vumbi lililopashwa moto, na kila ninapoinusa hunirudisha mwaka ule niliomaliza shule. Wiki iliyopita niliinusa tena Voi, kwenye saiba moja, duka la intaneti, karibu na stendi, nilipompeleka mpwa wangu Wakesho kuchagua chuo. Wenzangu wakikumbuka ujana wao hutaja mandazi ya asubuhi. Mimi nina printa, mniwie radhi.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na matokeo yangu yalikuwa mazuri kiasi cha kuleta matatizo. Mama alishaamua nisomee uuguzi papo hapo Voi, ili kila Ijumaa nipande nyumbani Ronge. Hakutoa sababu, wala sikuhitaji kuambiwa. Baba alikuwa na ugonjwa wa sukari na kidonda mguuni kisichokauka. Kila jioni mama alikiosha kwa maji ya chumvi, akakifunga kwa kitambaa alichokichemsha mwenyewe. Alitaka nyumba ile iwe na mtu anayejua anachofanya.

Mimi nilitaka upimaji wa ardhi. Nikiwa darasa la sita, wapimaji walikuja kwetu kuweka mipaka ya mashamba, na mmoja wao alikuwa mwanamke aliyevaa buti. Alichungulia bonde lote kwa jicho moja, huku wazee waliogombana tangu ujana wao wakingoja aseme. Sikuwa nimewahi kuwaona wazee wa kwetu wakimnyamazia mwanamke hivyo. Lakini chuo cha kozi hiyo kilikuwa mbali sana, safari ya siku nzima kwa basi.

Siku ya kuchagua, mama aliketi nyuma yangu pale saiba, mkoba mapajani, kama msimamizi wa mtihani. Palipotakiwa namba ya simu nikaandika yake, kwa kuwa sikuwa na simu. Uuguzi nikauweka wa kwanza.

"Hapo sawa," akasema, akaenda zake sokoni.

Siku mbili kabla ya muda wa kubadilisha kuisha, nilimwambia nakwenda shuleni kuchukua cheti. Nikateremka hadi Voi peke yangu. Mwenye saiba aliniuliza, "Una uhakika? Ukibadilisha, ndio imeenda hivyo." Nikasema nina uhakika. Jioni hiyo nilimwosha baba kidonda bila kuombwa, jambo ambalo lingemtia wasiwasi mama yeyote mwenye akili zake.

Majibu yalipotoka nilimwambia, nikiwa nimeinamisha kichwa, "Mama, serikali imenipeleka upimaji."

Alinitazama kidogo. "Serikali," akasema.

Tangu siku hiyo aliwaambia majirani kwamba serikali ndiyo iliyochagua, na kila alipolitaja neno hilo nilikumbuka ghafla kazi fulani jikoni, nikaondoka. Yeye ndiye aliyenilea kwa kuniambia njia ya mwongo ni fupi. Nilijiambia yangu itanifikisha chuoni, na hilo latosha.

Sasa, kwetu Wadawida, watu wa milima ya Taita, kuna kutasa. Mtoto akisafiri mbali, mzazi huchukua funda la maji, akalipuliza nje, akaomba lolote lililokaa vibaya moyoni litoke na maji hayo. Hasira ya mzazi, hata isiposemwa, hukutangulia njiani. Na wewe unayeagwa, ukiwa na neno, hapo ndipo mahali pa kulisema. Sisi ni watu wa kanisa, kwa hiyo mwishoni mama hutia amina.

Asubuhi ya kuondoka alisimama mlangoni na kikombe cha bati. Alipuliza funda la kwanza.

"Aliyechagua amechagua," akasema. "Mimi sina hasira naye."

Kisha akanyamaza, akinitazama. Nikatazama viatu vyangu vipya. Akapuliza la pili, akangoja. Baba, mguu wake juu ya kigoda, akakohoa. Akapuliza la tatu, akangoja tena, muda mrefu zaidi. Nilidhani pumzi imemwishia. Hatimaye akasema amina, akaninyooshea begi langu.

Nilisafiri nikiwa na hofu. Baraka ile, kwa hesabu yangu, ilikuwa imeenda kwa karani fulani Nairobi asiyenijua, na hasira ya mama iliyonistahili mimi imebaki yote mbele yangu njiani. Mwaka wa pili baba akakatwa mguu. Nilipomaliza kozi akatutoka. Nilikuwa nimejifunza kupima milima, lakini moyoni niliamini ni kimya changu kilichomuua. Sikumwambia mtu.

Basi wiki iliyopita, Wakesho alikuwa ameandika namba yangu kwenye ombi lake. Akabadili nia, akapanga upya vyuo vyake, akabonyeza. Simu yangu ikalia mkononi: ombi limebadilishwa, na kozi mpya imetajwa kwa jina. Nikakumbuka kwamba namba niliyoandika mimi siku ile ilikuwa ya mama.

Siku hiyohiyo nilipanda Ronge. Mama alikuwa uani akichambua maharagwe.

"Mama, nilipobadilisha kozi, ulipata ujumbe kwa simu?"

Hakuinua macho. "Ujumbe ulifika mchana huo nikimchemshia baba yako kitambaa. Ulikuwa wa Kiingereza. Tukausoma pamoja mpaka tukauelewa."

"Mbona hamkusema?"

"Nilipuliza mara tatu," akasema. "Funda la kwanza lilikuwa langu, likanitosha. Hayo mawili yalikuwa yako."

Niliketi kando yake, nikavuta ungo. Hasira niliyoikimbia miaka yote ilikuwa imetoka mbele ya macho yangu, pale mlangoni, kabla sijabeba begi. Kilichobaki kilikuwa neno langu tu. Nikalisema, lote, tangu yule mwanamke wa buti. Mama alisikiliza hadi mwisho. Lakini walioningoja asubuhi ile walikuwa wawili, na yule aliyekohoa hakulisikia.