Mizinga Kumi na Mmoja ya Tekla

Uchovu wa Advera haukuwa ule wa kulala ukaisha. Ulikaa kwenye viganja, kwenye shingo, nyuma ya macho. Kutwa alichapa barua za watu na kutoa nakala katika duka la steshenari pale Gongoni mjini, na kila wateja walipopungua alifungua kompyuta yake ndogo, iliyong'oka kitufe kimoja, akarudi kulitazama kosa lake.

Kosa lilikuwa hili. Kwa miaka miwili alikuwa katibu wa kikundi cha wafugaji nyuki wa Ipole, kijijini kwao. Orodha ya mizinga aliiweka kwenye programu huria, iliyoandikwa na watu wa mbali kwa kujitolea. Yeyote anaweza kuitumia, kuisoma ndani yake, na kupendekeza irekebishwe. Programu ilijua hali mbili tu za mzinga: hai, au umekufa. Wakaguzi walipomletea habari kwamba mizinga kumi na mmoja ya Tekla, mjane wa Jilala, haina nyuki, Advera alijaza "umekufa". Hapakuwa na pengine pa kujaza. Zilipopita siku tisini programu ikaifuta yote, na miti iliyoibeba ikatokea kwenye orodha ya miti isiyo na mwenyewe.

Kwa watu wa Ipole mzinga mtupu haujafa. Nyuki huhama wakifuata maua na maji, mzinga ukabaki juu unangoja. Na mti ni wa aliyetundika mpaka mzinga ushushwe. Advera aliyajua hayo kabla hajajua kusoma, ndiyo maana aibu ilimkaa vibaya kifuani. Jumamosi kikundi kingegawa miti isiyo na mwenyewe.

"Si uandike tu 'hai', yaishe?" aliuliza Julieth, mwenzake wa dukani.

"Katibu aliyenitangulia aliondolewa kwa kuandika nyuki wasiokuwepo."

"Basi irekebishe hapo hapo kwenye kompyuta yako."

"Mwenyekiti hataki. Anasema orodha iliyopikwa kwenye jiko la mtu mmoja hailiwi. Irekebishwe programu yenyewe, ile ya wote."

"Haya mama, kapike kwa wenye programu. Usiunguze."

Advera hakuwa amewahi kuandika msimbo wa kutumiwa na mtu mwingine. Alisoma chuo mwaka mmoja tu, mengine akajiokotea kwenye simu. Siku mbili alisoma maandishi ya watu asiowajua, kama mtu anayepapasa nyumba ya wenyewe akitafuta mlango. Alipoupata, ulikuwa mistari michache tu. Akaongeza hali ya tatu: "unasubiri". Akaiwekea na kikomo cha mwaka mmoja, kwa kuwa programu ilipenda vikomo. Jumatano adhuhuri akatuma pendekezo lake, pamoja na barua fupi ya Kiingereza aliyoisoma mara tano akiona haya.

Alhamisi asubuhi mtunzaji mmoja wa mradi akajibu. Alishukuru. Alitaka aongeze majaribio ya kuthibitisha kwamba mabadiliko hayaharibu kitu kingine. Kisha akauliza: kwa nini mwaka mmoja? Kwao mzinga ukikaa mtupu siku tisini huwa umekwisha. Huko kwenu husubiri siku ngapi?

Advera alitoka nje ya duka, akampigia Tekla.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umenirudishia?"

"Bado. Wanauliza mzinga unaweza kusubiri siku ngapi."

Kuku walisikika, na mtu akitwanga.

"Kumbe wanahesabu siku?"

"Wanahesabu, mama."

"Waambie marehemu alikuwa na mmoja kule bondeni, ulikaa mtupu miaka mitatu. Wa nne tukarina ndoo nzima."

"Basi niandike miaka minne?"

"Andika mpaka mwenyewe aushushe. Hizo siku ni zao, nyuki hawana kalenda."

Alirudi akakifuta kile kikomo alichokuwa amekiweka kwa mkono wake. Majaribio yalikataa mara saba. Umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika tena. Ijumaa saa nane mchana pendekezo likapokelewa. Jina lake likawekwa chini kabisa ya orodha ya waliochangia. Alilitazama kidogo, akapangusa macho yaliyokuwa yakimwuma, akatoa daftari la wakaguzi na kuanza kuijaza upya mizinga ya Tekla, mmoja mmoja.

Jumamosi alishuka basi Ipole miguu imevimba. Watu walikuwa wamekaa nje ya ghala la asali, na mwenyekiti Sylvester akamwambia asome.

"Tekla wa Jilala. Kumi na mmoja. Yote inasubiri."

Lugembe akasimama. Alikuwa rafiki wa marehemu, na wiki nzima alikuwa akisema wazi kwamba miti ya Tekla ya bondeni ataichukua yeye.

"Shemeji, mwaka wa pili huu! Nyuki wamekukimbia, kubali tu."

"Wamekimbia kelele zako, shemeji. Hebu nyamaza uone kama hawarudi."

Watu wakacheka, hata Lugembe mwenyewe. Sylvester hakucheka.

"Mizinga iko juu?"

"Iko juu," akajibu Tekla.

"Basi ni yake. Endelea, katibu."

Advera akaendelea. Alipofika kwa Lugembe akasoma ishirini na miwili.

"Ngoja. Mimi ninayo ishirini na minane."

Advera akatazama tena kioo cha kompyuta. Programu ilikuwa ikifuta mizinga mitupu tangu mwanzo, ya kila mtu, kimyakimya. Yeye alikuwa akiitafuta kumi na mmoja tu.

"Sita ilikuwa mitupu?"

"Mitupu, ndiyo. Lakini iko juu!"

"Niangalizie na mimi," akasema mtu nyuma. Mkono mwingine ukainuka, na mwingine.

Tekla akageuka. "Shemeji, hiyo sita iko upande gani? Niichukue?"

Safari hii Lugembe hakucheka. Sylvester akasema hakuna mti utakaogawiwa mpaka orodha ikamilike, hata ikichukua mwezi. Advera akaomba kiti, akaketi polepole, akafungua ukurasa mweupe wa daftari.

"Mmoja mmoja jamani, nimechoka. Lugembe, anza. Mti gani?"