Tuta Nililoliweka Njia ya Ghaf

Siku ya kwanza ya kazi, kwenye karakana ya barabara Nizwa, huku kwa Waarabu, nilipewa ufagio. Msimamizi wa mitambo alikuwa Mzee Abeid, mzaliwa wa Pemba, mtu mfupi mwenye sauti ya kuadhini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umesoma mpaka wapi?"

"Darasa la tano."

"Alhamdulillahi. Waliosoma wananisumbua. Fagia."

Nilifagia miezi minne. Mwezi wa tano akanipandisha kwenye greda, akanifunga macho kwa kilemba changu mwenyewe. "Greda haiendeshwi kwa macho, mwanangu, inaendeshwa kwa matako. Kiti kitakwambia kama kisu kimekamata au kinapapasa tu." Nyinyi vijana mnaopimiwa usawa wa barabara na skrini mtacheka. Kisu ni lile bamba refu la chuma chini ya tumbo la greda. Ukilitia sana linachimba mashimo, ukililegeza linapaka vumbi juu ya makunyanzi, na malori mawili yakishapita makunyanzi yamerudi. Mpaka leo nikikaa kwenye kiti cha mtu najua sakafu yake imeinamia wapi.

Kutoka Nizwa nikapelekwa Ibra, kutoka Ibra nikapelekwa Sur, kwenye njia za milimani za upande wa Tiwi. Mudir wa huko, yaani mkuu wa ofisi, alikuwa akishuka garini kila hatua kuokota jiwe nililoliacha, analiweka juu ya boneti yangu bila kusema neno. Mwisho nikapelekwa Adam, na huko ndiko nilikomalizia.

Kusini ya Adam kuna uwanda wa changarawe usiokuwa na mwisho, na ukivuka uwanda unakutana na mchanga wa Sharqiya. Kazi yangu ilikuwa kuitunza Njia ya Ghaf, inayofuata miti ya ghaf mpaka kwenye mchanga. Zamani ngamia walipita hapo na tende za bara, wakarudi na chumvi na papa mkavu wa pwani. Gari za mwanzo zilifuata nyayo za ngamia, na greda yangu ikafuata gari.

Asubuhi ya kwanza sikuelewa ninachokiona. Jua lilikuwa chini bado, na pembeni ya barabara ardhi ilikuwa na mistari, mamia ya mistari myembamba myeupe, sambamba, imekwenda mpaka macho yanaposhindwa, kama nywele za mtoto zilizochanwa kwa kitana. Nikazima mashine. Ni vijia vya ngamia. Kila kimoja upana wa unyayo, kimelainika kwa kukanyagwa na wanyama ambao wachungaji wao hakuna anayeyajua majina yao. Nikasema, Subhanallah, mie nasifiwa kwa njia yangu inayodumu miezi mitatu. Tangu siku ile kisu changu hakikugusa hata kijia kimoja. Na lile tuta dogo la udongo ambalo greda inaliacha pembeni kila ikipita, nilikuwa nalikata kila penye kijia, ngamia wapate kupita. Hakuna aliyeniamuru.

Katikati ya njia ile kulikuwa na kisima cha Bi Ghaliya, mwanamke wa Kibedui, na kaburi la mumewe chini ya mti. Nyumba yake ilikuwa kwa mwanawe karibu na lami, lakini mbuzi wake walikuwa kisimani, na kila asubuhi alikwenda kwa pikapu yake, barakoa usoni, mguu mzito kwenye mafuta. Alinipita akipiga honi mpaka nikaruka kitini.

Sasa nisikilizeni. Siku moja gurudumu la greda lilivunja ukoko wa chumvi ambao juu unaonekana mkavu na chini ni tope. Mashine ikalala ubavu na mguu wangu ukabaki chini ya mlango. Mwenzangu wa lori la maji alikuwa ameshaondoka. Nililala pale tangu asubuhi mpaka karibu na alasiri. Ulimi ulikuwa kama kipande cha kiatu. Aliyenikuta ni Bi Ghaliya, akirudi kutoka kisimani alikokwenda kabla sijaanguka. Alinichimbua kwa sinia ya kulia wali, akanivuta kwa kamba ya mbuzi, akanitia nyuma ya pikapu baina ya mbuzi wawili.

"Usife garini mwangu, Zinjibari," aliniambia kwa Kiarabu chao, kinachotuita hivyo sisi tunaosema Kiswahili. "Nimeliosha juzi."

Alinipeleka Adam kwa njia ile ile niliyoilainisha mwenyewe wiki ile. Daktari alisema ningechelewa kidogo tu, ingekuwa maziko. Nachechemea, lakini nipo.

Baadaye njia ile ilifungwa, ati kuhifadhi ardhi, na walioifunga nawataja kwa vyeo vyao. Wa mwanzo ni vijana wa mjini na magari yao makubwa. Waliacha barabara, wakazunguka duara kwenye uwanda ili wapigwe picha kutoka juu. Duara moja limekata vijia arubaini. Nilivihesabu kutoka juu ya greda, nikalia. Kwa hiyo waliosema ardhi ihifadhiwe, nusu ya haki wanayo. Wa pili ni mwenye kambi ya wageni, aliyetaka wageni wake wasisikie gari. Wa tatu ni mudir wa ofisi, aliyesaini bila kuvaa viatu vya vumbi hata siku moja. Wa nne ni muhandisi kijana aliyenisimamia na ramani mkononi.

"Kutoka alama hii mpaka ile, tuta, likate njia nzima, mita mbili kwenda juu. Gari isipite."

"Na Bi Ghaliya?"

"Nani huyo?"

"Mwenye kisima. Ana mbuzi kule, na kaburi la mumewe."

"Aandike barua, itaangaliwa."

"Hajui kuandika, bwana."

"Basi mwandikie wewe." Akanitazama, akatabasamu. "Au na wewe vile vile?"

Nikachukua ufunguo wa greda. Ulikuwa umebaki mwaka mmoja nistaafu.

Wa tano ni mie. Niliingia kwenye greda na shauri langu moyoni: nitaliweka la mchanga mtupu, bila maji, bila kushindilia, na upepo wa kiangazi utalila. Wallahi ndiyo nia yangu. Lakini mkono ulikataa. Kiti kiliniambia udongo umelegea, na miaka yote ile nilikuwa sijaacha udongo uliolegea. Nikaita lori la maji. Nikapanga tabaka, nikashindilia, nikafunika changarawe. Muhandisi akanipiga picha. Katika maisha yangu sijajenga kitu madhubuti kama kile.

Nilipostaafu walinipa saa ya ukutani. Wiki ya pili nikaendesha gari mpaka Njia ya Ghaf, nikitumai nitakuta upepo umeshafanya nilichoshindwa. Tuta lilikuwa zima. Chini yake imesimama pikapu ya Bi Ghaliya, na yeye amekaa kivulini na gunia la majani ya mbuzi.

"Zinjibari. Hii kazi yako?"

"Yangu, khala."

"Nilijua. Nimelingoja misimu miwili lianguke." Akalipiga kofi kama mtu anayepiga shingo ya ngamia. "Kazi nzuri. Mungu akusamehe."

Nikainama, nikapapasa changarawe yake.

"Umekuja kutazama?" akasema. "Beba gunia."

Nikabeba. Tulipanda tuta langu, yeye mbele, mie nachechemea nyuma, tukashuka upande wa pili. Kutoka pale mpaka kisimani kwa gari ni kufumba na kufumbua. Kwa miguu, kwa kizee na kiwete, ni saa nzima na zaidi. Na hapo nikatambua kwamba miaka yote ile nilikuwa nikiviona vijia kutoka juu ya kiti tu. Niliweka mguu ndani ya kimoja. Ulikaa sawasawa, kama kiatu cha zamani. Mbele yangu vilikwenda mamia, vyeupe, mpaka kwenye mchanga, na kizee mmoja ndani yake.

Sasa nakwenda kila asubuhi. Barua ya Kiarabu nimeandikiwa na binti yangu, imeshapelekwa mara tatu, na mara tatu wamesema itaangaliwa. Bi Ghaliya magoti yameanza kumkataa, hilo nalo mudir alijue. Upepo haujaondoa hata kiganja cha tuta lile. Lakini pale tunapopandia, changarawe imeanza kutengana, na katikati pameingia kijia, cheupe, upana wa mguu mmoja.

Jana, tukipanda, mguu uliniambia, kama kiti zamani, kwamba udongo wa pale umelegea. Sikuita lori la maji.