Pweza wa Harusi na Habari Iliyochacha

Jamani, hii nawasimulia mwenyewe, maana nisiposema mimi mtaa mzima wa Mtawanya utawasimulia kwa kuongeza chumvi, na aibu yangu tayari ina chumvi ya kutosha.

Simu yangu ina ile app ya kukusanya habari, unajiunga na redio, magazeti, podikasti unazozitaka, halafu kila kipya kinajileta chenyewe, kipya zaidi kinakaa juu. Darasa la saba nilitoka na alama za kusikitisha, lakini mtaani mimi ndiye waziri wa habari (nilijiteua). Basi Jumatano nikapata podikasti moja ya hadithi, nikataka kuianza sehemu ya kwanza, nikabonyeza "za zamani kwanza". Kumbe ile amri haikushika hadithi peke yake, imeshika mpaka habari.

Alhamisi asubuhi nafungua, ya juu kabisa inasema umeme utakatika Mtawanya leo mchana, siku tatu. Nikamkimbilia shangazi Zuhura, maana friza yake ilijaa pweza wa harusi ya binti yake Mwanahawa, Jumamosi.

"Una hakika, we mtoto?"

"Shangazi, ni ya juu kabisa. Bado ya moto."

Akawasha majiko matatu. Mimi sikutosheka, nikapita nyumba kwa nyumba natangaza, watu wakatoa samaki, kuku, mpaka barafu za biashara zikagawiwa bure, na pweza wa harusi wakapikwa wote kwa nazi, mtaa ukala ("bora waliwe kuliko waoze," shangazi alisema huku machozi yanamtoka, akasingizia moshi). Nilikula sahani mbili.

Saa nane, taa inawaka. Saa kumi, inawaka. Jirani yetu Mzee Chande akanyoosha mkono.

"Waziri, lete hiyo simu."

Akavaa miwani, akasoma taratibu, akarudia.

"Hii ya mwaka juzi, mwanangu."

Walicheka mpaka wakakaa chini. Mwanahawa hakucheka.

"Kaka, wageni wangu Jumamosi watakula podikasti?"

Nikamwambia pweza nitawatafuta mwenyewe. Bahati ilikuwa bamvua, maji yanakupwa mbali, Ijumaa asubuhi nikateremka mwambani na chuma mkononi, mimi ambaye sijawahi kumtoa pweza shimoni. Nageuka nyuma, naona majirani wanakuja, akina mama na ndoo, wanaume na vyuma.

"Tumekula wote," Mzee Chande akasema, "tutafute wote."

Walijaza ndoo. Mimi nilitoa mmoja, akanimwagia wino usoni mbele ya watu.

Harusi ilifana, na sasa mwaka umepita. App sijaifuta, ila nimeapa sitangazi kitu kabla ya kusoma tarehe. Juzi nimetoka hospitali mbio kumwambia shangazi kwamba Mwanahawa kajifungua salama, mtoto wa kike. Akaweka mwiko chini, akaniangalia.

"Ya mwaka gani hiyo?"

"Ya leo, shangazi. Nimesoma tarehe."