Zamu ya Kukata Upepo

Mdogo wangu mtaa mzima unamwita Kengele, kwa sababu ya ile kengele ya baiskeli anayoipiga alfajiri akisambaza mikate madukani. Na huwezi kumkasirikia. Ukifungua dirisha umtukane, anawahi kukusalimia, na tusi linakufia mdomoni.

Tangu amalize shule hajawahi kuendesha baiskeli isiyo na kreti nyuma. Ndiyo maana klabu ya baiskeli ilipotangaza mashindano ya wageni, yaani watu ambao hawajawahi kushindana hata mara moja, nilimkalia kooni. Mshindi angeingia kwenye timu: baiskeli ya mashindano, kocha, safari. Mshindi mmoja tu, basi.

"Dada, mimi mtu mzima sasa. Watanicheka."

"Waache wacheke. Mikate yako si wanakula?"

Aliyemshawishi kabisa ni mume wangu. Ni fundi umeme, na mdomo anao. "Shemeji, hata mimi naingia," akasema. "Timu siitaki, kazi zangu zinanitosha. Nakusindikiza tu." Akamfundisha jambo ambalo Kengele hakuwahi kulihitaji kwenye mikate, kwamba kwenye mbio adui ni upepo. Wa mbele anaukata, wa nyuma anajificha mgongoni kwake na kupumzika. Kwa hiyo wawili wakielewana wanapokezana, zamu yako, zamu yangu. Jioni nilikuwa nawaona barabara ya kiwandani wakipishana hivyo, mpaka raha. Jamani, nilijisifu hadi saluni. Nani mwingine ana mume anayempenda shemeji yake namna ile?

Siku yenyewe nikasimama kwenye utepe wa kumalizia, mbele ya ofisi ya klabu, na taulo na chupa ya maji. Kengele alikuwa amevaa bukta ya kubana ya kuazima, na kwa aibu kila mara anaivuta chini. Nikamcheka, naye akacheka. Roho yangu ilikuwa juu kuliko yake.

Walipotokea tena kwenye kona ya kituo cha mafuta, walikuwa wawili peke yao. Kundi zima wameliacha huko! Kengele mbele, mume wangu nyuma yake, tairi kwa tairi. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Mdogo wangu alikuwa anayumba, mdomo wazi, shati limemganda. Halafu, utepe ukiwa pale pale, mume wangu akachomoka ubavuni, hana hata jasho la maana, akampita. Akainua mikono juu.

Nisikudanganye, nilishangilia. Mume ni mume. Mikono ikiwa bado hewani ndipo nikajiuliza: huyu si alisema timu haitaki?

Kengele alishuka miguu ikimtetemeka, akakaa ukingoni mwa barabara. Nikampa maji. Macho yalikuwa mekundu, lakini akajilazimisha kutabasamu.

"Ndiyo mashindano, dada. Afadhali goti lake limehimili."

"Goti gani?"

"Si lile la zamani? Tulipovuka daraja akaniambia limeamka, zamu zake haziwezi tena. Akasema nimwache, niende zangu. Ningemwachaje, dada, mume wako? Nikamwambia kaa nyuma yangu, nitakufikisha."

Mwanamume yule nimezaa naye. Nimemkanda mgongo, nimemkata kucha akiwa amevunjika mkono. Goti halijawahi kumuuma hata siku moja.

Wala sikuhitaji kusema. Katibu wa klabu alimwita mshindi, na mume wangu akaruka jukwaani kwa miguu yote miwili, ngazi hakuigusa. Kengele akaona. Chupa ilibaki karibu na mdomo, hanywi. Kilichoniuma zaidi ni kwamba hakukasirika kwanza. Aliona haya, kana kwamba yeye ndiye aliyefumaniwa.

Mume wangu akaja na jezi ya timu begani, mkono ameunyoosha. "Shemeji! Bila wewe nisingefika."

"Kweli," Kengele akasema. "Usingefika." Mkono hakuupokea.

Basi mume wangu akanigeukia mimi. "Hebu mwambie nduguyo, haya ni mashindano tu. Ni mbinu."

Damu ikanichemka. "Mwambie mwenyewe! Si umeshinda mgongoni kwake? Na hilo goti katafute pa kulitibia, maana nyumbani kwangu halijulikani!"

Watu wakageuka. Mume wangu akawachekea watu wa klabu na kwenda kupigwa picha. Nilikuwa nimechezewa shere na mtu ninayempikia, na aibu ile sikujua niipeleke wapi.

Nilipotazama nyuma, Kengele alishaanza kuikokota baiskeli. Nikamkimbilia, nikaushika usukani.

"Mdogo wangu, nisamehe. Mimi ndiye niliyekusukuma."

Akasimama. Akanitazama usoni kwa muda, na katika maisha yetu yote hajawahi kunitazama vile.

"Dada, wewe ulijua?"

"Haki ya Mungu, sikujua."

"Sawa, dada," akasema kwa adabu, kama anavyomjibu mtu baki, akasubiri niuachie usukani.