Mwaka Kiwanda cha Shemeji Kilipofungwa

Dada yangu alikuwa anapikia gesi. Mimi nilikuwa sijawahi kuliona jiko la gesi, lakini nilijua habari zake zote, maana kila Krismasi alipokuja kwa treni kutoka Dar es Salaam hakukosa kulitaja. Alikuwa akiingia jikoni kwa mama, kule kijijini Kigongo, kando ya ziwa, anainama kwenye mafiga, machozi yanamtoka, halafu anasema, "Jamani, moshi huu nimeshausahau. Kule kwetu ni kuwasha kiberiti tu." Mama alicheka, akamshika mkono kumtoa nje, kisha akaniita mimi nije nichochee kuni.

Mume wake alikuwa mwendesha mitambo kwenye kiwanda cha serikali cha kusafisha mafuta. Walikaa nyumba ya kiwanda, walitibiwa zahanati ya kiwanda, na watoto walipelekwa shule kwa basi la kiwanda. Mimi na mume wangu, fundi seremala, tulipanga vyumba viwili mjini, Mabatini, na kwenye chumba cha mbele niliuza mafuta ya taa. Mafuta ambayo shemeji aliyasafisha akiwa na kofia ngumu kichwani, mimi niliyapima kwa kopo nikimiminia watu kwenye chupa. Harufu yake haikunitoka mikononi hata nikisugua kwa majivu. Tumefuatana na dada yangu kuzaliwa. Utotoni nilivaa nguo zilizombana yeye, na ukubwani aliendelea kuniletea zile alizozichoka. Nilizivaa, zilinipendeza, na nilimwonea wivu kila nilipofunga kifungo.

Kisha mambo ya biashara yakabadilika. Zamani mafuta ya taa yalikuwa ya kusubiri. Tuliambiwa mabehewa yamekwama njiani, tunapanga foleni na madebe matupu, na bei ilikuwa ile iliyopangwa na serikali. Sasa watu binafsi wakaruhusiwa kuagiza. Vituo vipya vya mafuta vilichipuka Buzuruga, jirani na kwetu, vimepakwa rangi kali, na mafuta yakapatikana siku yoyote. Nikaongeza pipa la pili. Wavuvi wa dagaa, ambao bila mafuta ya taa zao za karabai hawaendi ziwani usiku, wakaanza kunifuata hadi Mabatini. Nikajisemea kwamba Krismasi hii nami nitakuwa na kitu cha kumwonyesha dada.

Hakusubiri Krismasi. Walikuja kwa mama katikati ya mwaka, na vitanda, na makochi, na lile jiko la gesi limeviringishwa kwenye blanketi kama mgonjwa. Kiwanda kilikuwa kimefungwa.

Mama alichinja mbuzi. Majirani walifika mmoja mmoja kusema pole, wakakaa kwenye mkeka na nyuso za matanga. Tulipokuwa tunakula, mume wangu akauliza lile ambalo wote tulikuwa nalo moyoni.

"Shemeji, kwani watu wameacha kutumia mafuta?"

"Wanatumia kuliko zamani," shemeji alijibu. "Ila kiwanda chetu ni kidogo na kimezeeka. Tukinunua mafuta ghafi, tukiyasafisha, sehemu kubwa inabaki mafuta mazito. Hayo hayaingii kwenye gari wala kwenye taa, na wa kuyanunua ni wachache. Mfanyabiashara yeye analeta petroli iliyokwisha kusafishwa kwenye viwanda vikubwa huko Uarabuni. Inashuka melini, inaingia kwenye gari, basi. Ya kwake ni rahisi kuliko ya kwetu hata kabla hatujalipa mishahara."

"Na serikali?"

"Ilikuwa inatujazia pengo la hasara. Imechoka kujaza."

Dada akanigeukia. "Kumbe wewe unauza ya hao waagizaji."

"Nauza yanayopatikana," nikamjibu.

Nilitafuna nyama yangu nikijua kwamba pipa langu la pili na vile vitanda vilivyorundikwa uani vimetoka kwenye jambo moja. Ningepaswa kumhurumia. Badala yake nilikuwa natazama jinsi majirani walivyomsogelea, mama anamwekea minofu, kila mtu anataka kumshika bega. Mimi nilikuwa nimehangaika na foleni za madebe miaka yote ile na hakuna aliyewahi kuniambia pole. Hata msiba wa dada yangu ulikuwa mzuri kuliko raha yangu.

Wiki iliyofuata mama alimpa kiwanja cha mbele ya nyumba.

Kiwanja hicho kiko kando ya njia inayoteremka kwenye kivuko. Abiria wote wanaovuka kwenda Busisi wanapita hapo, na wavuvi wanaotoka mwaloni, kule mitumbwi inakotia nanga, nao wanapita hapo. Nilikuwa nimemwomba mama mara nyingi aniruhusu nijenge kibanda, na kila mara alisema tutaona. Nikaenda kumuuliza akiwa anaanika mihogo.

"Mwenzio amepoteza kila kitu," alisema.

"Na mimi ambaye sikuwa na cha kupoteza, nipewe nini?"

Aliendelea kutandaza mihogo. "Wewe umezoea kuhangaika, mwanangu. Yeye hajazoea."

Nilirudi Mabatini nikiyarudia maneno hayo njia nzima.

Shemeji alitumia kiinua mgongo chake kujenga banda la bati, akanunua mapipa na pampu ya mkono. Waliuza mafuta ya taa, pamoja na petroli ya injini za mitumbwi. Haikuchukua muda, wavuvi wangu wakapotea. Nani aje hadi Mabatini wakati mafuta yako njiani kwake? Pipa la pili likakaa tupu nikaligeuza la maji.

Siku moja nilikwenda kuangalia kwa macho yangu. Dada alikuwa amejifunga khanga kiunoni, mikono imelowa mafuta hadi kwenye viwiko, anacheka na wavuvi.

"Shikamoo dada."

"Marahaba! Njoo, hebu nusa." Akanyoosha viganja mbele ya uso wangu. "Sasa tunafanana."

Kwa miaka mingi nilikuwa nimetamani anuke kama mimi. Na sasa alinuka, na hata hiyo ilimkaa vizuri. Sikucheka.

Hawakudumu pale. Matangi ya kile kiwanda hayakubomolewa. Waagizaji waliyahitaji kuhifadhia mafuta yao, na wakatafuta watu wanaojua koki na mabomba yake. Shemeji akaitwa. Alikwenda kusimamia petroli iliyokuja tayari imesafishwa na kuondoka vilevile, mitambo yake ikiwa imelala pembeni. Shule zilipofungwa, dada na watoto wakamfuata.

Asubuhi ya safari alinipa ufunguo wa banda.

"Chukua. Ulikuwa unakitaka hiki kiwanja."

"Nani amekuambia?"

"Mama. Aliniambia siku ile ile aliyonipa."

"Na ukakichukua?"

"Nilikichukua. Watoto walikuwa wanataka kula." Hakuinamisha macho. Alinikumbatia, akapanda gari.

Nilihamishia biashara yangu Kigongo wiki hiyo hiyo. Mteja wa kwanza alikuwa mvuvi mtu mzima, ameshika dumu. Alichungulia ndani ya banda, akanichungulia mimi.

"Yule dada mcheshi yuko wapi?"

"Ameenda Dar."

"Atarudi lini?"

"Harudi."

Nilimjazia dumu mpaka shingoni. Alilipa, lakini hakuondoka. "Yule alikuwa anatuuliza habari za ziwa," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeibiwa.

Nilitaka kumwambia kwamba mimi ni muuza mafuta, habari za ziwa zinanihusu nini. Badala yake nikaweka pampu pembeni.

"Haya," nikasema, "ziwa linasemaje?"

Akaweka dumu chini. Alinieleza upepo ulivyowageuza, nyavu zilivyochanika, dagaa walivyohama upande wa visiwani, na wateja waliopanga foleni nyuma yake wakaanza kuguna kwa kuchoka kungoja. Nilimsikiliza hadi mwisho, huku nikimwonea wivu dada yangu aliyeanza kuyasikia hayo kabla yangu.