Aliyefungwa Ndiye Anayepanga

Newala asubuhi huamka ndani ya ukungu. Kutoka dirisha la nyumba yangu ya ualimu siuoni hata mti wa jirani. Nasikia tu majogoo, na ufagio wa mtu anayefagia uwanja asiouona. Ni saa kama hizo ndipo mabingwa wangu wa chesi hunijia. Ni watu wa zamani sana, wenye ndevu na makoti marefu, wa nchi ambazo sitazifikia. Nawaona wamekaa wawili wawili humo ukunguni, vichwa vimeinama, hakuna anayesema neno. Mimi ni mwalimu wa hesabu na sina tabia ya kuona watu wasiokuwepo, ila hawa nawaruhusu.

Chesi nilijifunza chuoni. Drafti sikujifunza, nilizaliwa ndani yake. Kijiwe cha baba kilikuwa Mkomaindo, Masasi, nje ya kibanda cha fundi cherehani: ubao wa miraba sitini na minne na kete za visoda, vile vifuniko vya chupa, upande mmoja vimelala chali, upande wa pili vimefunikwa. Kijiwe kilikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, kula ni lazima. Kete ikikaa pa kuliwa, huna hiari. Ya pili, aliyefungwa ndiye anayepanga kete za mchezo unaofuata, na mshindi hukunja mikono akatazama barabarani kama hayamhusu. Utoto wangu wote sikuwahi kumwona baba akipanga. Aliyepanga alikuwa baba mdogo, mdogo wake wa kufuatana, jioni baada ya jioni, huku akiapa kwamba kesho ndiyo kesho.

Likizo moja nilimletea baba chesi ya plastiki. Nikamweleza kwamba humu unaweza kula, na unaweza pia kuacha.

"Kuacha?" akasema. "Mtu kakukaribisha wali na kuku, wewe unamwambia umeshiba? Mchezo wa watu wasio na adabu huo."

Nikafunga boksi langu nikanuna. Alinuna na yeye. Mama husema mimi na baba tunafanana mpaka kwenye kununa, ila baba hununa kwa heshima zaidi. Boksi lile nikawapa wanafunzi wangu wa Newala, na sikumtajia chesi tena.

Kisha kikaja kiharusi. Upande wake wa kulia ukafa ganzi, ulimi ukalala. Baada ya wiki za hospitali tukaruhusiwa kurudi naye nyumbani, tukaambiwa azungumzishwe, asiachwe kwenye ukimya, huenda akili ikaamka. Neno lenyewe lilikuwa huenda, nami nililishika hilo hilo.

Hapo ndipo nilipoona jambo linaloniuma hadi leo. Watu waliacha kumwamkia baba. Hawakuwa na ubaya. Shikamoo inadai marahaba, na baba hakuwa nayo ya kutoa, basi wakaona kumwamkia ni kumwaibisha. Wakapita kando ya kitanda chake, wakamsalimu mama, wakakaa, wakamzungumzia mbele ya macho yake mwenyewe.

"Shamba la Chiwata linataka mtu, shemeji," baba mdogo alimwambia mama. "Mikorosho inakaribia kuchanua na dawa ya salfa hatujapuliza. Miti haijui kwamba mwenyewe kalala. Mwisho wa mwezi wazee tukae, tuamue anachukua nani."

Alikuwa anasema kweli, na bado nilitamani kumrushia kikombe. Asiyekuwepo na lake halipo, ndivyo wasemavyo, lakini huyu alikuwepo! Alikuwa pale, ametutolea macho.

"Baba mdogo," nikasema, "si umuulize mwenyewe?"

"Mwalimu," akanijibu kwa upole, na upole huo ndio ulionichoma zaidi, "kaka hayumo. Nimecheza naye maisha yangu yote. Angekuwamo, ningejua."

Basi kila Ijumaa baada ya vipindi nikawa nateremka kutoka Newala. Barabara inaacha ubaridi wa juu, inashuka na makorongo, na huko chini joto la Masasi linakupokea pamoja na milima yake ya mawe. Nilichukua ule ubao wa drafti wa kijiweni nikauweka kwenye kigoda kando ya kitanda. Juu ya visoda nilibandika vipande vya plasta ya vidonda, nikaandika kila kimoja ni nani: mfalme, malkia, askofu, farasi, ngome, askari. Halafu nikaanza kumsimulia baba wale watu wangu wa ukunguni.

Nilimsimulia bingwa aliyecheza na ukumbi mzima wa watu akiwa amefungwa kitambaa machoni, kete zote zikiwa kichwani mwake tu. Nilimsimulia wale walioahirisha mchezo usiku, mmoja akafungia hatua yake kwenye bahasha, mwingine asilale akiiwaza. Nilimsimulia bingwa wa dunia aliyeshindwa na mashine, akatoka akitikisa kichwa. Huku nikisimulia nasogeza visoda, hatua moja moja, kama walivyocheza wao. Baba alitazama. Labda alitazama ubao, labda ukuta. Mama aliingia na uji akasema mgonjwa haulizwi uji, na huyu wako humuulizi hata kama anautaka mchezo.

Mchana mmoja nilisinzia mkekani kando ya kitanda. Nikaota ukumbi wa London, mashindano ya kwanza makubwa ya chesi, taa za gesi na watu waliotoka nchi nyingi. Katikati ya makoti yale marefu alikaa baba, na kanzu yake na kofia yake ya vito, ubao mbele yake, kiti cha pili kitupu. Walikuwa wakimpita. Nikataka kuita kwamba kuna mtu hapa, mwamkieni, na sauti haikutoka. Nilipoamka mto ulikuwa umelowa machozi. Baba alikuwa ananitazama mimi, na mara hiyo sikuwa na shaka.

Siku ya wazee ilipofika, baba mdogo alitangulia kuja. Tulikuwa tumemketisha baba kitandani kwa mito, nami nilikuwa katikati ya mchezo mmoja ulioanzia huko huko London, siku zile zile za mashindano. Mweupe, mwenye kete nyeupe, alikuwa mwalimu wa hesabu, Mjerumani. Ndiye aliyeshinda mashindano yale. Mweusi nilimpa baba, maana Mweusi ndiye aliyekula. Askofu mmoja wa Mweupe alikwisha kuliwa.

"Sasa, baba," nikasema, "mwalimu anaacha ngome yake pale pembeni, haina mlinzi. Mweusi angeweza kuiacha. Wengi wanasema afadhali angeiacha."

Mkono wa kushoto ukainuka kutoka kwenye shuka.

Ukashuka, ukamshika askofu mweusi. Ukampeleka kiupande upande, mshazari mrefu, njia ile ile anayopita kingi wa drafti, mpaka kwenye ile ngome. Akaitoa, akaiweka mapajani. Kula ni lazima. Nikacheza hatua ya mwalimu, nikaiacha ngome ya pili kwenye kona. Malkia wake mweusi alikuwa amekaa jirani, kwa mshazari. Akala na hiyo.

Zikapita hatua chache, nikamtoa malkia wangu aliwe na farasi wake. Farasi hakuweza kumpeleka vizuri, ile miruko yake inachanganya, nikamsaidia kwa kidole. Akamla malkia pia, akamweka mapajani na wengine. Kisha nikamsogeza askofu wangu aliyebaki, na mfalme wa baba hakuwa na pa kwenda. Kala karibu kila kitu kizuri ubaoni, na kafungwa.

"Ndivyo ulivyoisha, baba," nikasema.

Akautazama ubao. Macho yake yalipita kwenye visoda vyote, yakarudi, na pembe moja ya mdomo wake, ile nzima, ikasogea. Kisha mkono ukaanza kukusanya. Kisoda kimoja kimoja, taratibu, ukavirudisha ubaoni. Baba alikuwa anapanga. Vingine vilimponyoka, akaviokota. Nilitaka kusaidia, baba mdogo akanishika bega.

"Mwache," akasema. "Kafungwa huyo. Mwache apange."

Nilidhani anapanga chesi. Hakuwa anapanga chesi. Safu tatu kwangu, safu tatu kwake, vyangu vimelala chali, vyake vimefunikwa, kwenye miraba myeusi peke yake. Vilivyozidi akavisukuma pembeni na plasta zake. Akautupa mkono mapajani, akaninyooshea kidevu nianze.

Baba mdogo alizunguka kitanda mpaka mbele ya uso wake. Akainama.

"Shikamoo, kaka."

Akabaki ameinama, akingoja, kama alivyozoea kungoja zamu yake. Midomo ya baba ilihangaika, hakikutoka chochote isipokuwa pumzi. Baba mdogo akaitikia ile pumzi kwa kichwa, akaketi. Wazee walipoingia mmoja mmoja aliwaambia wamwamkie mwenye shamba kwanza.

Mimi nikacheza. Kabla ya adhuhuri baba alikuwa amenifunga, nami nikapanga.