Ubao Uliorandwa Pande Zote

Seremala ninayefanya naye kazi anaitwa Pandezote. Wateja ndio waliompa jina hilo, kwa sababu hata meza ya jikoni huiranda mpaka chini, mahali ambapo hakuna jicho litakalofika. Yeye huunda, mimi hupiga msasa na vanishi. Tumekaa karakana moja miaka kumi na saba, na kwa kuwa mimi si msemaji na yeye si mwulizaji, hatujawahi kugombana.

Mashine yake ya kuranda aliichukua kwa mkopo kwenye duka la vifaa. Kila mwezi mkusanyaji wa duka alikuja mwenyewe kufuata fedha, na kila mara alikuwa amesahau kitabu cha risiti. Pandezote alimpa penseli ya sikioni, naye akaandika kiasi na kutia sahihi kwenye ubao uliopigiliwa ukutani. Kwetu sisi ubao ni daftari. Sahihi zilifika kumi na nne, zikabaki nne. Ndipo mkewe akaugua mgongo, fedha zikaenda hospitali, na duka nalo likafungwa. Mkusanyaji hatukumwona tena.

Miaka mitatu baadaye akaja tarishi wa mahakama na bahasha. Kampuni ambayo hatujawahi kuisikia ilidai bei nzima ya mashine pamoja na riba. Nilimsomea Pandezote, maana miwani yake ilikuwa na ufa.

"Hawa ni akina nani?"

"Wanasema duka liliwauzia deni lako, kaka."

"Deni linauzwa?" Alifikiri kidogo. "Basi nimeuzwa kama mbuzi kwenye gunia, na mbuzi mwenyewe hakuambiwa."

Alipewa siku kumi na nne za kujibu kwa maandishi. Akishindwa kesi, mashine ingekamatwa. Bila mashine ile kazi ya siku mbili ingekuwa ya wiki mbili, na wateja wa siku hizi hawana subira hiyo.

Nilimuuliza ubao uko wapi. Akashika kichwa.

"Si nilimtengenezea shemeji yako kitanda?"

Nilikikumbuka. Kitanda kirefu kwenda juu, ili mgonjwa aweze kuinuka bila kuinama. Mbao zilipungua, akang'oa ule wa ukutani.

Tulikwenda kwake mchana uleule. Shemeji tulimkalisha kwenye kiti, tukakilaza kitanda ubavu. Nilipiga magoti na tochi. Upande wa nje, laini. Upande wa ndani, ambao fundi mwingine yeyote angeuacha na maandishi yake, laini vilevile. Aliuranda kwa mashine ileile. Nilipapasa mpaka vidole vikachoka.

"Ningeolewa na fundi mbovu," shemeji alisema, "leo tungekuwa na ushahidi."

Tulicheka wote watatu. Kisha shemeji akaanza kulia, na mumewe akakisimamisha kitanda.

Mwandishi wa barua anayekaa nje ya mahakama alitupa ushauri wake.

"Mzee, kataa kila kitu. Sema huwajui na hudaiwi. Aliyenunua ndiye aonyeshe alinunua nini."

"Lakini miezi minne nadaiwa."

"Nani amekuuliza?"

"Dawa ya deni kulipa. Siwezi kuandika kwamba sidaiwi."

"Haya, kunywa dawa yako. Mimi nauza maandishi tu."

Akaandika alivyoambiwa: mashine nilikopa, nimelipa miezi kumi na nne, nimebakisha minne, kampuni hii siijui, ionyeshe hesabu yake. Tukaipeleka siku ya kumi na moja, karani akaigonga muhuri.

Siku ya kesi mimi ndiye niliyekuwa shahidi. Wakili wa kampuni, mwanamke mpole, aliniuliza kama niliuona huo ubao.

"Niliuona."

"Malipo yalikuwa ya tarehe zipi?"

Sikuzikumbuka.

"Na ubao wenyewe uko wapi sasa?"

"Unalaliwa."

Watu wakacheka. Nilitaka kueleza habari za mgongo wa shemeji, nikaishia kushuka kizimbani. Nilirudi kukaa, na hapo ndipo maneno yote yakanijia.

Hakimu alisoma uamuzi bila ukali. Kampuni ilikuwa na mkataba wa kuuziwa madeni, na jina la Pandezote lilikuwa kwenye orodha. Mdaiwa amekiri mwenyewe kwamba alikopa. Anayesema amelipa ndiye wa kuonyesha malipo, naye hakuonyesha. Alipe yote ndani ya mwezi mmoja.

Hakuweza. Wakaja wanaume wanne wa dalali wa mahakama, na nyundo za kung'olea mashine. Pandezote akawaambia waziweke chini. Alifungua nati mwenyewe, moja moja, akatoa visu vya mashine na kuvifunga kwa kitambaa visimkate mtu, akawaonyesha pa kushika.

"Mzee, wewe wa ajabu," mmoja alisema. "Wenzako hutupiga mawe."

"Mkiiangusha nitadaiwa tena."

Gari lilipoondoka alishusha randa ya mkono, akapuliza vumbi.

"Kaka, mahakamani nilikuangusha," nilimwambia.

"Shika huko mwisho. Mbao zinacheza."

Nikashika. Alasiri alikuja mteja aliyeagiza mlango. Pandezote akamwambia arudi baada ya wiki mbili. Mteja akatazama mahali mashine ilipokuwa, akaomba arudishiwe fedha aliyotanguliza. Akarudishiwa.